Msiba Niliokuficha Iringa

Ilomba, Mbeya
Jumapili alasiri

Tusekile mwanangu,

Naanza na habari yenyewe, salamu zitafuata. Naumwa ini. Si vidonda vya tumbo kama shangazi yako Atu alivyokwambia juzi ukiwa unaosha vyombo. Ini langu limeharibika, na daktari wa hospitali ya rufaa alinieleza hivyo ana kwa ana, mlango umefungwa. Nilipomuuliza dawa ya kuliponya, akasema dawa zilizopo ni za kutuliza maumivu. Nikamuuliza kama Krismasi nitaiona. Akasema Mungu ndiye ajuaye. Daktari aliyesoma miaka yote ile akianza kumsukumia Mungu maswali, mgonjwa anaelewa.

Ndugu walikaa kikao sebuleni kwetu, ile siku ulipokwenda Uyole kufuata vyeti vyako. Baba yako mdogo alipanda kutoka Tukuyu kwa ajili hiyo tu. Wakaamua usiambiwe kitu mpaka ufike Iringa, uandikishwe chuoni, uzoee, ndipo utaambiwa taratibu. "Mtoto asafiri na moyo mwepesi," akasema shangazi yako. Mimi niliitikia kwa kichwa, maana tumbo lilikuwa linanivuruga na nilitaka waondoke nikalale. Lakini leo umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, nami nimekaa kwenye kibanda changu cha kazi, juu ya kochi la mteja ambalo bado halijavalishwa kitambaa, nakuandikia. Ukirudi nitakupa barua hii mkononi kabla hujafunga begi. Sitaichomeka katikati ya nguo zako uje uikute njiani, basi likiwa limeshapita Makambako na huwezi kushuka.

Sasa salamu. Ugonile, mwanangu.

Mambo ya blanketi, sufuria, kuogopa vijana wa chuo na kuchemsha maji ya kunywa, Atu amekuimbia wiki nzima, na mimi sina cha kuongeza. Ninaloandika ni lile ambalo tumelizunguka mwaka mzima ndani ya nyumba ndogo hivi bila kugongana nalo. Kwa mdomo nimeshindwa. Tangu tumzike mama yako, maneno yetu wawili ni shikamoo baba, marahaba, chakula tayari, asante. Nikivuta pumzi niseme jambo, unakumbuka kuna nguo umeanika. Sikulaumu, ningekuwa wewe ningeanika nguo hata wakati wa mvua.

Ulianza kushika fimbo ya pool kwa sababu ya kazi yangu. Watu wananijua kwa makochi, lakini wenye baa wa hapa Ilomba wananijua kwa meza. Kitambaa cha kijani kikichanika wananiita mimi nikaivalishe meza upya, na meza ikishavalishwa lazima ijaribiwe. Nilikuwa nakwenda na wewe mchana, baa ikiwa tupu, kwa sababu mama yako alikuwa sokoni na viazi vyake na sikuwa na pa kukuacha. Ulisimama juu ya kreti la soda ili uone. Siku moja uliingiza mpira ambao mimi nilikuwa nimeukosa, halafu ukanitazama usoni kuona kama nitakasirika. Nilikasirika kidogo. Kisha nikakuonyesha namna ya kulaza vidole ili fimbo ipite bila kuyumba.

Mama yako alipojua, nyumba iliwaka moto. "Mwe! Mtoto wa kike anainamia meza mbele ya walevi, na baba yake amesimama pembeni anachekelea!" Alinuna muda mrefu, na Mhehe akinuna unajua mwenyewe. Siku alipokuja kwenye mechi yako ya kwanza ya ligi alikuja ili atuaibishe na akutoe pale kwa mkono. Akakukuta umeinama, umeuma ulimi, watu wote kimya wanakungoja wewe. Akatafuta kiti. Tangu siku hiyo hakukosa mechi ya hapa Mbeya, ila hakuweza kuitazama hata moja. Alikigeuza kiti kikaelekea ukutani, akaweka chupa yake ya uji miguuni, akasikiliza. Alijua mlio wa mpira unaozama na mlio wa mpira unaogonga mdomo wa shimo na kurudi. Ukiingiza alisema "ee," kwa sauti ndogo, kama mtu anayekubaliana na jirani. Wenye baa walimzoea, wakawa wanamwekea kiti mapema kikiwa kimeshageuzwa.

Namkumbuka hivyo, mgongo wake na kitenge chake begani. Nakueleza ili ujue kwamba hata mimi namlilia. Watu walikuona wewe ukilia pale msibani, mimi nilikuwa nashughulika na turubai na viti vya kukodi. Wanaume wengi wa kwetu tunalia kwa kubeba viti.

Sasa Iringa.

Fainali ya ligi ya klabu za Nyanda za Juu ilipangwa kule, na mama yako alitaka sana kwenda. Kule ni kwao. Alizaliwa Tosamaganga, akakulia Kalenga, na kaka yake, mjomba wako, alishaahidi kuja ukumbini. Lakini presha ilikuwa imempanda wiki ile na mimi nikamkataza kusafiri. Alitusindikiza mpaka mlangoni. "Nendeni mkawafunge ndugu zangu," alikwambia, na wewe ukamjibu utamletea vichwa vyao. Mkacheka wote wawili.

Asubuhi ya fainali alipiga simu kwangu. Hilo hulijui. Akaniomba akusikie sauti. Wewe ulikuwa kwenye meza ya mazoezi unapiga mipira yako ya kupashia mkono, na mimi, kwa ukocha wangu wa kujipachika, nikamwambia nisikukatize, ukimaliza fainali utampigia mwenyewe. Hakubisha. Akasema, "Haya. Mwambie basi mkono asiukaze. Akiogopa huwa anaukaza, nausikia." Mtu ambaye hakuwahi kukutazama ukicheza alijua kosa lako ambalo mimi fundi nilikuwa silijui. Nikamwambia nitakwambia. Nikaenda kunywa chai nikasahau, na baadaye nikakumbuka wakati ambapo sikuweza tena kutaja jina la mama yako mbele yako bila sauti kunikatika. Ndiyo nakufikishia leo.

Mchana simu ya Atu ilinikuta nje ya ukumbi nikinunua maji. "Kaka, mgonjwa amezidiwa."

Unaijua lugha yetu. Hapa kwetu mtu hafi kwenye simu. Anazidiwa tu, anazidiwa, mpaka ufike uone turubai. Nikamwambia, "Atu, amezidiwa au ametutoka?" Nikasikia wanawake nyuma yake. Kisha akasema, "Njooni tu, kaka. Njooni wote."

Wakati huo tulikuwa tunawaongoza wale wa Iringa kwa gemu moja, zikiwa zimebaki mbili, yangu na yako. Nilimvuta pembeni Sadiki nahodha wetu, pamoja na mjomba wako aliyekuwa amefika kutoka Kalenga na shati lake la Jumapili. Nikawaambia. Sadiki akasema, "Inna lillahi," akakaa chini kwenye ngazi. Halafu akasema, "Mzee, mtoto asijue sasa hivi. Akijua hapa, Mbeya tutamfikishaje? Barabara yote ile?" Mjomba wako aliegemea ukuta. Tuse, aliyekufa ni dada yake wa tumbo moja, na sijawahi kuona mtu akijizuia namna ile. Akasema, "Shemeji, msiba hausemwi njiani. Afike nyumbani kwanza, akute watu wa kumshika."

Nataka uelewe kwamba hawakunilazimisha. Walisema kile nilichokuwa natafuta mtu wa kuniambia. Na nitakueleza na lile jingine, chafu zaidi, kwa kuwa muda wa kujipamba sina tena. Sehemu ndogo ya moyo wangu ilikuwa inalitaka kombe. Ilomba hatukuwa tumewahi kulishika, na lilikuwa pale mezani na utepe wake, na wewe ndiye ulikuwa mchezaji wetu bora. Mke wangu yuko mochwari, nami nikatupia jicho ubao wa matokeo. Nililitupia.

Nikafanya mapatano na nafsi yangu. Nikasema nikishinda gemu yangu mechi imekwisha, kombe ni letu, gemu yako haina maana tena, basi nitakutoa nje nikwambie. Niliingia nikiwa na nia hiyo. Nikacheza vizuri mpaka nikabakiwa na nyeusi ya kumalizia peke yake, karibu kabisa na shimo, ya kusukuma kwa pumzi. Nikaipiga kwa nguvu kama mwehu. Ikaingia, na nyeupe ya kupigia ikaifuata humo humo, na kwa sheria zetu hapo nimepoteza. Wale wa Iringa wakaruka juu. Wewe ukanipokea kwa kicheko, "Baba, umezingua! Kaa pembeni uone vijana wanavyomaliza kazi." Nikakaa pembeni.

Gemu yako naikumbuka mpira kwa mpira, lakini sitakusimulia yote kwa kuwa ulikuwepo. Ulianza vibaya. Yule binti wa miwani alikutangulia, na mimi nikaona mkono wako ukikaza, sasa nikijua cha kutazama. Ulipokuja kuchukua chaki uliniambia kwa sauti ya chini, "Nikimaliza tu nampigia mama." Nikakuitikia, "Haya." Ndilo neno nililokupa. Ukarudi mezani, ukaingiza mmoja, ukaingiza wa pili, ukaipeleka nyeupe mahali pake bila haraka. Nyeusi ilikuwa imebana kwenye ukingo, nyeupe iko mbali. Ulijinyanyua, ukapumua, ukainama tena. Ulipiga kwa upole mpaka nikadhani haitafika. Ikatambaa ukingoni, ikafika, ikazama.

Ulinirukia shingoni. Nilikuwa nalia kwa kwikwi, nawe ukanifuta kwa mkono wa sweta yako ukasema, "Baba na wewe, kombe tu hili." Mjomba wako alitoka nje. Uliuliza mbona mjomba hakupongezi, nikasema ana aibu kwa kuwa tumewafunga.

Mwaka mzima najiuliza kwa nini niliona ni sawa, na jibu ninalo, ingawa halinisaidii. Baba yangu alipofariki mimi nilikuwa kibarua Tunduma. Nilitumiwa ujumbe kwamba baba anaumwa kidogo, njoo. Nikanunua dawa ya kikohozi njiani. Nikapanda gari nikiwa na chupa yangu mfukoni, nikiwaza nitamwambia nini, nitamtania vipi. Nilipofika nikakuta watu uani. Nililia, lakini baadaye niliwashukuru walionificha. Niliona wamenipa safari moja zaidi na baba aliye hai. Ile safari ya Tunduma naipenda hadi leo. Kwa hiyo nilipokuficha wewe nilijiona nakupa zawadi ile ile niliyopewa. Sikufikiria kuwa wewe una moyo wako, na kwamba kilichokuwa asali kwangu kwako kingekuwa sumu. Nilikupima kwa futi yangu, mimi ambaye kila siku nawagombeza wanafunzi wangu kwa kukata kitambaa cha kochi bila kupima kochi lenyewe.

Na safari yako haikuwa kama yangu. Mimi nilisafiri peke yangu, hakuna aliyenitazama. Wewe ulisafiri kwenye Noah iliyojaa watu wanaojua. Uliimba, wakakuitikia. Ulilipakata kombe, ukamtania Sadiki kwamba safari hii atamwonyesha mkewe cha maana. Mjomba wako, ambaye tulikwambia anakuja kumsalimia dada yake, alijifunika koti kiti cha nyuma akajifanya amelala tangu Mafinga. Ulimpigia mama yako, simu haipatikani, ukapiga tena, nami nikasema chaji itakuwa imeisha, unamjua mama yako na simu. Makambako uliomba gari lisimame ununue parachichi, kwa sababu mama anazipenda na zinamfaa kwa presha. Ukazibonyeza moja moja. Ukamwambia mama muuzaji hutaki zilizoiva, unataka za kuiva keshokutwa, ili zimkute na hamu. Nilisimama pembeni yako nimekushikia mfuko.

Pale ndipo ningesema. Mambo mengine yote naweza kuyatafutia sababu, la pale siwezi. Yule mama muuzaji alinitazama akaona nina kitu, akaniuliza, "Baba, unaumwa?" Nikasema baridi tu.

Tulipofika Ilomba giza lilikuwa limeanza kuingia, turubai limetandwa mpaka barabarani, na moto wa akina baba umeshawashwa. Ulishuka na kombe mkono mmoja, parachichi mkono wa pili. Wanawake wakaanza kuja na vilio vyao. Hukuwatazama wao, ulinitazama mimi. Ukaniuliza, "Ulijua?" Nikanyoosha mkono nikupokee mfuko. "Ulijua tangu wapi?" Nikasema, "Iringa." Ukaliweka kombe chini kwenye vumbi, taratibu kabisa, ukaingia ndani.

Baada ya arobaini Atu alinieleza ulichomwambia. Kwamba kumpoteza mama ungeweza kuvumilia, lakini kila ukifumba macho unajiona unacheza ndani ya gari, unaimba, na watu wote wanakutazama wakijua, mama yako akiwa kwenye jokofu. Kwamba tulikugeuza mjinga wa msiba wa mama yako mwenyewe. Nilitaka kwenda kwako usiku huo huo nikapige magoti. Nikaogopa. Tuse, mwanamume anaweza kumwogopa mtoto wake aliyemlea mwenyewe kwa uji, mimi nimethibitisha.

Uliacha kucheza. Fimbo yako ikakaa nyuma ya kabati, na kila nilipofagia niliizungushia ufagio bila kuigusa. Klabu nzima ilinitazama mimi kama kwamba ninao ufunguo wako. Halafu mwezi uliopita Atu akaniambia umepata chuo Iringa, na kwamba klabu ya kule, ile ile tuliyoifunga, imekuomba uichezee kwenye ligi, nawe umekubali. Sadiki alipopata habari alikuja juu, akasema, "Mzee, mtoto wako ametusaliti!" Nikamwambia Sadiki, tena mbele ya watu, kwamba walau wale wa Iringa hawajawahi kumdanganya. Akamaliza soda yake, akaondoka. Kesho yake alirudi akaniomba nikufikishie salamu, na kwamba mechi ya Iringa na Ilomba itakapofika atakuja kukushangilia wewe kwa siri.

Mimi habari ile iliniuma na ikanifurahisha kwa wakati mmoja. Iliniuma kwa kuwa sikuisikia kwako. Ikanifurahisha kwa kuwa nilikuona asubuhi moja, ukidhani nimeshakwenda kazini, umeitoa fimbo nyuma ya kabati unaifuta kwa kitambaa chenye mafuta. Nilirudi nyuma kimya kimya nikazunguka nyumba nzima nisikukatize. Kwa umri huu na tumbo hili, nilikuwa naruka madimbwi ya maji machafu kama mwizi wa kuku.

Utanikumbuka kama mtu aliyekufundisha kupiga mpira, na hilo nimelifanya. Lakini presha ya fainali sikukufundisha, kwa sababu mimi mwenyewe siijui. Fainali zangu zote nimezipoteza kwa kupiga nguvu. Nikiogopa napiga nguvu, mezani na nyumbani. Mama yako alikusikia ukikaza mkono kwa kuwa alishanisikia mimi nikikaza miaka yote ya ndoa. Ukijikuta kule ukumbini mkono umekuwa mgumu, simama wima kwanza. Hakuna sheria inayokukataza kusimama wima. Wewe unaijua njia hiyo, ulishaifanya siku ile, na hakuna aliyekufundisha. Ushindi ule ni wako na ni halali, mwanangu. Kombe tuliliiba sisi, lakini ile nyeusi uliiingiza mwenyewe.

Sasa turudi kwenye ini langu.

Nataka ubaki. Naliandika wazi ili usije ukadhani baadaye kwamba sikutaka. Nataka nikisikia mlango asubuhi nijue ni wewe, hata kama utaniambia shikamoo tu ukapita. Na nataka uende, kwa sababu nafasi ya chuo haitakungoja, na kwa sababu Iringa kuna watu wa mama yako na kuna meza inayokusubiri. Yote mawili ni kweli na sijui namna ya kuyapatanisha. Usiniombe ushauri asubuhi, maana nitakupa wa mtu anayeogopa. Ukifunga begi, nitalibeba mpaka stendi kadiri nitakavyoweza. Ukilifungua, nitachemsha chai.

Sikuombi unisamehe. Ukija kuweza, utaweza, na nikiwa sipo mwambie mjomba wako, yeye atajua cha kufanya na habari hiyo.

Kitu kimoja nimekifanya leo baada ya ibada. Nimewaita Atu na Sadiki hapa kibandani, nikawaambia siku yangu ikifika, simu itakayokwenda Iringa isiseme nimezidiwa. Iseme baba amekufa, saa ile ile, popote ulipo. Nikawataka warudie kwa midomo yao. Sadiki amerudia. Atu amelia, akasema kinywa chake hakiwezi kumtamkia mtoto neno kama hilo kwenye simu, kwamba ni ukatili. Nikamwambia basi ampe Sadiki simu. Ameondoka amekasirika na hajarudi mpaka sasa.

Labda simu hiyo itakukuta darasani, labda umelala. Au itakukuta ukumbini, fainali imefikia gemu yako, nyeusi imebaki na wenzako wote wanakutazama. Watakwambia hapo hapo. Ukiweka fimbo chini ukatoka, sawa. Ukiinama ukamaliza kwanza, sawa pia, na mtu yeyote asikunyooshee kidole. Lakini utainama ukijua.

Baba yako